Hisabati Inapolinda Akaunti ya Benki

Kati ya 303 na 307 kuna tofauti ya nne tu. Ni namba ambazo seva huzituma kwa kivinjari kukiamuru kihame: ondoka ukurasa huu, nenda anwani ile. Zote mbili humfikisha mtumiaji mahali palepale, na yeye mwenyewe haoni kitu. Tofauti iko kwenye mzigo. Kwa 303, kivinjari huondoka mikono mitupu. Kwa 307, hubeba kila kilichojazwa kwenye fomu na kukipeleka kama kilivyo kwenye anwani mpya. Fomu ikiwa ni ile ya jina na neno la siri, basi neno la siri limeshafika kwa mtu wa tatu, na mwenyewe hana habari.

Mwaka 2016 watafiti Daniel Fett, Ralf Küsters na Guido Schmitz, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani, walionyesha kwamba OAuth 2.0 haikusema ni namba ipi kati ya hizo itumike. OAuth 2.0 ni itifaki inayoiwezesha programu moja kupewa ruhusa ya kufikia akaunti ya mtu iliyoko kwingine. Kampuni kubwa za intaneti, Google na Facebook zikiwemo, zinaitumia. Waraka wake rasmi ulitolewa Oktoba 2012, na jambo hilo dogo la namba uliliacha mikononi mwa mwandishi wa programu. Aliyechagua 307 alikuwa anagawa maneno ya siri ya wateja wake bila kujua.

Watafiti hao hawakudukua seva ya mtu. Walikaa mezani wakijaribu kuthibitisha kihisabati kwamba itifaki ile ni salama, na uthibitisho ukagoma. Palipogoma ndipo palipokuwa na tundu. Kwa njia hiyo walipata matundu manne.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu kugoma huko, na kwa nini kunamfaa yeyote mwenye akaunti ya benki au pochi ya fedha kwenye simu.

Mfano ulio wazi uko Uingereza. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka programu ya kupangia matumizi, ile inayokusanya salio la benki tatu au nne kwenye ukurasa mmoja, alilazimika kuikabidhi programu hiyo neno la siri la benki. Programu iliingia benki ikijifanya ndiyo mteja, ikasoma kilichokuwa kwenye skrini, ikanakili. Iliweza kusoma salio, na iliweza pia kufanya mengi ambayo mteja mwenyewe angeweza kufanya. Benki ilipata shida kumtofautisha mteja na programu. Mteja naye, akitaka kuiondoa programu hiyo, hakuwa na njia ya hakika isipokuwa kubadili neno la siri.

Mwaka 2016, baada ya uchunguzi wa soko la benki, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza iliziamuru benki 9 kubwa, zikiwemo Barclays, HSBC, Lloyds na Santander, zifungue njia rasmi ya kutoa data ya mteja pale mteja mwenyewe anapotaka. Nia ilikuwa kuwapa washindani wadogo nafasi. Utaratibu ulianza tarehe 13 Januari 2018, na mwaka 2024 watumiaji wake walipita milioni 10. Australia na Brazil nazo zikajenga mifumo yao kwa mwelekeo huohuo.

Njia hiyo rasmi imejengwa juu ya OAuth. Mteja anabonyeza kitufe ndani ya programu, nayo inamtuma kwenye tovuti ya benki yake. Huko, na huko tu, anaandika neno la siri, kisha anakubali: programu hii ione salio na miamala, basi. Benki inamrudisha kwenye programu akiwa na msimbo mfupi. Programu inaupeleka msimbo huo benki moja kwa moja, inabadilishiwa tokeni, yaani kibali cha kidijitali, na kwa tokeni hiyo inasoma kile tu kilichoruhusiwa. Neno la siri halikutoka benki hata mara moja. Tokeni ina mwisho wake, na mteja anaweza kuifuta akitaka.

Hatua ni chache na zinaeleweka. Ugumu ni kwamba hazipiti njia moja, wala hazipiti peke yake. Programu inahudumia maelfu ya wateja na benki nyingi kwa wakati mmoja. Kivinjari kimefungua kurasa nyingine pembeni. Mtandao wenyewe ni wa hoteli au wa mgahawa. Na mmoja kati ya washiriki anaweza kuwa mwizi. Namna ambazo ujumbe unaweza kucheleweshwa, kurudiwa, kupindishwa au kufika kwa asiyehusika ni nyingi mno kumalizwa kwa majaribio. Mjaribu hodari hujaribu njia alizozifikiria, naye mwizi hutafuta ile ambayo haikumjia mjaribu.

Wanasayansi wa kompyuta walilijua hilo mapema, na walilijua kwa aibu. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki ya pande mbili kutambuana kwa njia ya funguo za kompyuta. Kiini chake ni jumbe tatu tu. Mwaka 1989 Needham mwenyewe, pamoja na Michael Burrows na Martín Abadi, walitoa mantiki maalumu ya kuchunguzia itifaki, iliyoitwa BAN kwa herufi za kwanza za majina yao. Mantiki hiyo ilipoichunguza itifaki ile haikuliona tundu lililokuwemo. Mwaka 1995, miaka 17 baada ya itifaki kuchapishwa, Gavin Lowe wa Oxford akalionyesha.

Alichosema Lowe kinaelezeka kwa watu watatu. Asha anaanza mazungumzo na Mussa, kwa hiari yake, kwa kuwa Mussa ni mshiriki halali wa mfumo. Mussa ni mtu mbaya. Anazichukua jumbe za Asha na kuzitumia kwa Bakari, na mwisho wa yote Bakari anaamini kwamba anaongea na Asha. Hakuna ufunguo ulioibwa. BAN haikuliona tundu hilo kwa kuwa ilichukulia kwamba kila aliyemo ndani ya mfumo ni mwaminifu. Dawa aliyoipendekeza Lowe ilikuwa ndogo ajabu: katika ujumbe wa pili, anayejibu ataje jina lake.

Msikilizaji aliweke akilini jambo hilo la kutaja jina, maana litajitokeza tena.

Ili hisabati iweze kufanya kazi, adui mwenyewe lazima aandikwe kwenye karatasi. Namna inayotumika mpaka leo ilitolewa na Danny Dolev na Andrew Yao mwaka 1983. Inafanana na vifurushi vinavyotumwa kwa basi kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, vyote vikipitia mikononi mwa kondakta mmoja. Kondakta wa Dolev na Yao anaweza kukizuia kifurushi, kukinakili, kukituma mara kumi, kukibadilishia anwani, hata kuandika barua zake na kudai zimetoka kwa mwingine. Kitu kimoja tu hakiwezi: kufungua kasha lenye kufuli ambalo hana ufunguo wake. Swali huwa hili: akifanya lolote apendalo, kwa mpangilio wowote, mara zozote, je, atafika kwenye siri? Anayejibu "hapana" anadaiwa uthibitisho.

Kwa itifaki nyingi kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa kompyuta. Bruno Blanchet wa taasisi ya Inria, Ufaransa, alitengeneza ProVerif. Watafiti wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walishiriki kutengeneza Tamarin. Mtafiti anaziandika kanuni za itifaki kwa lugha ya chombo hicho, anaandika pia sifa anayotaka kuithibitisha, na chombo kinatafuta uthibitisho au kinatoa shambulizi hatua kwa hatua.

Mwaka 2020 David Basin, Ralf Sasse na Jorge Toro-Pozo wa ETH waliitumia Tamarin kuchunguza EMV, utaratibu wa kadi za benki zenye chipu, ambao nyaraka zake zinazidi kurasa 2,000. Chombo kikawaonyesha kwamba katika malipo ya kugusisha kadi ya Visa, taarifa inayoiambia mashine ya dukani kama PIN inahitajika au haihitajiki haikuwa imelindwa. Wakachukua simu mbili za Android, wakaziweka kati ya kadi na mashine, wakaibadilisha taarifa hiyo njiani. Wakalipa kwa kadi zao wenyewe kiasi kilichovuka kikomo, na mashine haikuuliza PIN. Tundu hilo lilitoka kwenye mlinganyo kabla halijajaribiwa dukani.

Kwenye tovuti mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ya kivinjari. Kivinjari kina tabia nyingi: kinakumbuka, kinahamishwa, kinabeba fomu, kinaendesha programu za watu wasiojuana ndani ya dirisha moja. Kundi la Küsters lilitumia miaka kadhaa kujenga muundo wa hisabati wa kivinjari, seva na mtandao kwa pamoja, na toleo lake la kwanza likachapishwa mwaka 2014. Uthibitisho ndani ya muundo huo huandikwa kwa mkono, hatua baada ya hatua, kama wa jiometri. Ndani ya muundo huo ndipo uthibitisho wa OAuth ulipogoma.

Kati ya matundu manne yaliyopatikana, lililotikisa zaidi ni lile la kuchanganya. Programu inahudumia benki nyingi, na moja kati ya hizo iko chini ya mwizi. Mteja anachagua benki yake halali. Mwizi aliyekaa kwenye mtandao anaugeuza uchaguzi huo njiani, na programu inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mteja huyu anashughulika na benki ya mwizi. Mteja mwenyewe anafikishwa benki yake ya kweli. Anauona ukurasa anaoufahamu, anaandika neno la siri mahali sahihi kabisa. Msimbo unatoka benki halali na kurudi kwenye programu. Programu inatazama kumbukumbu zake, inaona jina la benki ya mwizi, na inaupeleka msimbo huko.

Kila mmoja amefuata kanuni kama zilivyoandikwa. Mteja hakuzembea, benki haikuzembea, programu haikukosea mstari hata mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum nao waligundua jambo la aina hiyo kwa njia yao. Mwishoni mwa mwaka 2015, kabla habari haijatangazwa, wataalamu wanaosimamia OAuth walikutana kwa dharura mjini Darmstadt. Mwaka uliofuata wakaanzisha warsha ya usalama wa OAuth, ya kwanza ikafanyika Trier. Na dawa? Benki inapotoa jibu, itaje jina lake, na programu ilinganishe jina hilo na lililo kwenye kumbukumbu. Kanuni hiyo ilipata waraka wake rasmi, RFC 9207, Machi 2022. Ni dawa ileile ya Lowe.

Fedha zilihitaji ulinzi mkali zaidi ya ule wa kawaida. Shirika la OpenID Foundation likaandaa FAPI, toleo la OAuth lililokazwa kwa ajili ya benki, ambalo Uingereza, Australia na Brazil zimelitumia katika mifumo yao. Moja ya ahadi zake ni kwamba tokeni ikiibwa haimfai mwizi. Tokeni hufungamanishwa na cheti cha kidijitali kinachoitambulisha programu iliyopewa, na mwingine akiileta benki anakataliwa.

Mwaka 2019 Fett, Küsters na Pedram Hosseyni, kundi likiwa sasa limehamia Chuo Kikuu cha Stuttgart, waliichukua ahadi hiyo jinsi ilivyosemwa. Waliandika adui ambaye tayari ameiba tokeni, kisha wakajaribu kuthibitisha kwamba hawezi kuitumia. Uthibitisho ukagoma tena.

Shambulizi walilolikuta waliliita kwa jina la kekeo, ndege anayetaga yai katika kiota cha ndege mwingine. Mwizi ana tokeni iliyoibwa, lakini imefungamanishwa na programu halali, hivyo kwake haina kazi. Anachofanya ni kufungua akaunti yake kwenye programu hiyohiyo, na kuchagua kuunganishwa na seva ya kutoa tokeni ambayo yeye ndiye anayeitawala. Programu inapoomba tokeni kwa seva hiyo, seva inaipa ile iliyoibwa. Programu haijui. Inaipeleka tokeni kwenye benki ya mhanga, ikiambatanisha cheti chake halali. Benki inaona tokeni sahihi na programu sahihi, inatoa data. Programu inamwonyesha data hiyo mtu aliye mbele ya skrini, ambaye ni mwizi.

Dawa iliyopendekezwa: programu inapoipeleka tokeni kwenye benki, iseme pia imeipata kwa nani. Jina, kwa mara nyingine.

Baada ya kuyaziba matundu waliyoyakuta, watafiti waliweza kukamilisha uthibitisho wa sifa tatu: kwamba hakuna anayefikia data ya mtu pasipo ruhusa yake, kwamba hakuna anayeingia kwa jina la mwingine, na kwamba hakuna anayefungwa bila kujua kwenye kikao kilichoanzishwa na mwingine. Ni sifa ambazo mteja yeyote angezitaja akiulizwa anatarajia nini kwa benki yake.

Kilichofuata kinafaa kuigwa. OpenID Foundation ilipoanza kuandika FAPI 2.0, haikungoja imalize ndipo iwaite wanahisabati. Uchambuzi wa Stuttgart ulikwenda sambamba na uandishi, na matundu yaliyojitokeza yalirekebishwa kabla ya waraka kukamilika. Kazi hiyo, iliyofanywa na Hosseyni, Küsters na Tim Würtele, ilichapishwa mwaka 2024. Zaidi ya hapo, shirika liliandika waraka wa pekee unaomweleza adui: anaweza kufanya nini, hawezi kufanya nini, na itifaki inaahidi nini mbele yake. Waandishi wengi wa itifaki huyabakiza mambo hayo vichwani mwao. Yakishawekwa kwenye karatasi, mtu wa nje anaweza kuyasoma na kuyapinga.

Na yalihitaji kupingwa. Januari 2025 OpenID Foundation ilitangaza udhaifu mpya, uliogunduliwa na watafiti haohao wa Stuttgart walipokuwa wakichambua itifaki nyingine ya shirika hilo. Udhaifu uliigusa OAuth, uliigusa pia FAPI, pamoja na toleo la 2.0.

Habari yenyewe ni hii. Programu inapojitambulisha kwa benki hutia saini taarifa fupi inayosema "mimi ni fulani, na taarifa hii ni kwa ajili ya benki fulani." Jina la mlengwa lipo, tena limetiwa saini. Lakini programu inalipata wapi jina hilo? Katika hali nyingi hulichukua kwenye taarifa ambazo seva yenyewe imejitangazia. Seva ya mwizi ikajitangaza kwa kuchanganya anwani zake na anwani ya benki halali. Programu ikaandika jina la benki halali, ikatia saini, ikaipeleka taarifa kwa mwizi. Mwizi akaichukua na kwenda nayo benki, akijifanya ndiye programu. Kwa hiyo haitoshi jina kutajwa. Lazima iwe wazi ni jina lipi, na limetoka wapi. FAPI 2.0 ilipokamilishwa Februari 2025 ilikuwa imekwishakaza kanuni: jina linalokubalika ni moja tu, kitambulisho rasmi cha seva inayotoa ruhusa.

Mtu mwenye haraka atasema basi uthibitisho hauna maana, kama itifaki iliyothibitishwa imekutwa na tundu. Hoja hiyo ina uzito, na si mara ya kwanza kutolewa. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitangaza shambulizi la KRACK dhidi ya WPA2, ulinzi wa mitandao ya Wi-Fi karibu yote iliyokuwapo. Sehemu aliyoishambulia ilikuwa imethibitishwa kihisabati zaidi ya miaka kumi kabla. Uthibitisho ulikuwa sahihi. Ulionyesha kwamba ufunguo haumfikii adui, na kweli haukumfikia. Haukuwa umeuliza nini kitatokea kifaa kikilazimishwa kuusimika ufunguo uleule mara ya pili, na hapo ndipo Vanhoef alipopita.

Uthibitisho, kwa hiyo, husema jambo moja: kama dhana hizi ni kweli, sifa hizi zinashika. Haumlindi mteja aliyelaghaiwa kwa simu akataja PIN yake. Hausemi kitu juu ya fundi aliyeandika programu vibaya, wala juu ya mfanyakazi wa benki anayeuza orodha za wateja. Lakini Lowe, Trier, Stuttgart na Zurich wanaonyesha kazi yake halisi. Jaribio la kuthibitisha humlazimisha mtu aandike dhana zake zote, hata zile ambazo hakujua kwamba anazo. Na katika visa vinne kati ya vilivyotajwa hapa dhana iliyoanguka ilikuwa ya aina moja: kwamba aliyekwisha kupokelewa ndani ya mfumo, awe ni Mussa au seva iliyosajiliwa, ni mwaminifu.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, njia ya kuunganisha programu za kampuni nyingine na M-Pesa. Programu za mikopo ya simu zilipoenea nchini humo, baadhi yake ziliomba ruhusa ya kusoma SMS za mteja, ili zipime uwezo wake wa kulipa kwa kuangalia ujumbe wa miamala. Aliyebonyeza "kubali" alifungua SMS za fedha pamoja na za ndugu, daktari na mwajiri. Ni hali ileile ya Waingereza kabla ya 2018: hakuna njia nyembamba ya kutoa kinachohitajika tu, kwa hiyo kinatolewa chote.

Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha yake mwaka 2022. Nigeria imekwenda hatua ya mbele katika benki: Machi 2023 Benki Kuu yake ilitoa mwongozo wa namna taasisi za fedha zitakavyopeana data za wateja. Sheria za data zinazungumzia ruhusa ya mteja. Haziwezi kusema msimbo upitie wapi, tokeni ifungamanishwe na nini, wala jina gani liandikwe kwenye taarifa iliyotiwa saini. Hayo ni mambo ya itifaki, na itifaki mbovu huivunja ruhusa ya mteja bila kuvunja kifungu chochote cha sheria.

Tena katika eneo hili washiriki ni wengi na wa kila kimo. Kuna benki kubwa, kampuni za simu, saccos, na kampuni changa zenye mafundi watatu na ofisi ya kupanga. Mfumo wa pamoja ukifunguliwa, wote watakuwa ndani. Itifaki inayosimama kwa sharti kwamba kila mmoja wao ni mwaminifu, na kwamba hakuna hata mmoja atakayetekwa na wezi, imekwishaanguka kabla ya siku ya uzinduzi.

Hakuna haja ya kubuni itifaki mpya ya nyumbani. FAPI 2.0 inapatikana bure, uchambuzi wake umechapishwa, na OpenID Foundation ina vipimo ambavyo kampuni inaweza kuviendesha kuona kama programu yake inafuata kanuni. Vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vinafundisha sayansi ya kompyuta. ProVerif na Tamarin nazo ni za bure, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza nazo. Kinachohitajika ni wasimamizi kuuliza maswali ya msingi kabla ya kutoa leseni. Itifaki hii imethibitishwa na nani, na uthibitisho umechapishwa wapi? Umemchukulia adui kuwa na uwezo gani? Mshiriki mmoja aliyesajiliwa akigeuka mwizi, wateja wa benki nyingine wanabaki salama? Na programu iliyoandikwa imepimwa dhidi ya itifaki hiyo, au imepewa tu jina lake?

Benki kuu za kanda hii zinapoandika kanuni za kupeana data za fedha, ziyaweke maswali hayo ndani ya masharti ya leseni, na zidai majibu kwa maandishi kabla akaunti ya kwanza haijaunganishwa.